Uzushi: Historia ya Neno na Mipaka ya Hukumu Yake

Ikisiri

Makala haya yanachunguza safari ya neno uzushi katika Kiswahili kama tafsiri ya istilahi ya Kiyunani hairesis, na jinsi lilivyokutana na istilahi za Kiislamu kama bidaa na uzandiki. Hoja ya msingi ni kwamba hairesis ilimaanisha uchaguzi, ilhali uzushi unabeba dhana ya kitu kilichobuniwa na, hatimaye, cha uongo. Tofauti hiyo hufanya hukumu ya kimafundisho isikike kama hukumu ya tabia, na hurahisisha kuhama kwake kutoka kwenye baraza la dini kwenda mikononi mwa dola. Kwa kutumia mifano ya Kongo, kuanzia Kimpa Vita hadi Jamaa, na maafa ya Kanungu na Shakahola, makala yanaonyesha kwamba neno hili limewahi kuwaumiza wasio na hatia na pia limeshindwa kuwalinda waliokuwa hatarini. Yanahitimisha kwa mapendekezo kwa watafiti, wafasiri na washauri wa sera.

1.0 Utangulizi

Msomaji wa Biblia ya Kiswahili ya Tafsiri ya Muungano, iliyochapishwa mwaka 1952, anaweza kukisoma kitabu cha Matendo ya Mitume mara nyingi bila kugundua kwamba neno moja la Kiyunani limegeuzwa kwa maneno mawili yasiyofanana uzito. Masadukayo katika sura ya 5 na Mafarisayo katika sura ya 15 ni watu wa madhehebu. Paulo anapojitetea mbele ya liwali Feliki katika sura ya 24, na kuitaja Njia yake kwa jina ambalo washtaki wake wanaipa, tafsiri inasema uzushi. Matini ya asili ina hairesis mahali pote hapo.

Wafasiri hawakukosea. Walisoma muktadha: huko kwingine mwandishi anaeleza, hapa mshtakiwa ananukuu lugha ya wanaomshtaki. Hata hivyo uamuzi wao unatufundisha jambo ambalo makala haya yanalijenga hatua kwa hatua. Dhehebu na uzushi vinaweza kuwa kundi lile lile la watu, likitazamwa na mwandishi wa habari zake au na mshtaki wake. Jina hubadilika kulingana na anayesema na mamlaka aliyo nayo.

Suala hili lina umuhimu unaovuka mipaka ya isimu na teolojia. Katika eneo letu serikali kadhaa zimekuwa zikitunga au kurekebisha sheria za kusimamia taasisi za dini, na mijadala hiyo huendeshwa kwa sehemu kubwa kwa Kiswahili. Neno litakaloingia katika hotuba ya waziri, taarifa ya polisi au rasimu ya muswada halitaingia peke yake. Litaingia na historia yake yote.

2.0 Kutoka uchaguzi hadi kosa

Hairesis inatokana na kitenzi cha Kiyunani chenye maana ya kutwaa au kujichagulia. Katika ulimwengu wa Kiyunani ilitumika kwa shule ya falsafa au ya utabibu ambayo mtu aliamua kuifuata. Mwanahistoria Yosefu, Myahudi aliyeandika kwa Kiyunani katika karne ya 1, aliitumia kuwaeleza Mafarisayo, Masadukayo na Waeseni, naye hakukusudia kuwatukana. Alikuwa akiwafafanulia wasomaji wa Kirumi kwamba Wayahudi nao wana mikondo ya fikra.

Ndani ya Agano Jipya lenyewe neno hilo linaanza kuinama. Katika Wagalatia 5:20 limo katika orodha ya matendo ya mwili, sambamba na fitina na faraka. Katika Tito 3:10 linatokea umbo la hairetikos, ambalo Tafsiri ya Muungano imeliita mzushi. Inafaa kuzingatia adhabu inayotajwa hapo: aonywe mara ya kwanza, aonywe mara ya pili, kisha aepukwe. Hakuna hakimu, gereza wala moto. Kosa ni la jumuiya na dawa yake ni ya jumuiya.

Karne ya 2 iliuimarisha mwinamo huo. Irenei wa Lyon, akiandika karibu na mwaka 180, alikusanya mafundisho ya makundi ya Wagnostiki na kuyapinga kwa hoja ya mapokeo: kilicho sahihi ni kile kilichopokewa kutoka kwa mitume kupitia maaskofu, na kilicho kipya kinajihukumu chenyewe. Hapo ndipo uchaguzi ulipogeuka kuwa kosa. Aliyechagua alikuwa ameacha kupokea.

Mabadiliko makubwa zaidi yalikuja pale dola ilipoingia. Mwaka 325 Konstantino aliitisha Mtaguso wa Nikea, na Ario, ambaye mafundisho yake yalikataliwa hapo, akapelekwa uhamishoni. Mwaka 380 amri ya Theodosio na watawala wenzake ilitangaza imani ya Nikea kuwa ndiyo imani ya raia wa himaya. Miaka michache baadaye, karibu na mwaka 385, Prisiliano, askofu wa Avila huko Hispania, aliuawa mjini Trier kwa amri ya mtawala Maximus. Maaskofu wenzake walikuwa wamemshtaki kwa mafundisho yake, lakini shtaka lililomuua mahakamani lilikuwa la uchawi. Martin wa Tours na Ambrosi wa Milano, ambao hawakuwa na huruma yoyote kwa mafundisho ya Prisiliano, waliwapinga maaskofu waliopeleka jambo la imani kwenye upanga wa mtawala.

Tukio la Trier linastahili kukaa mbele yetu kwa sababu linaonyesha mfumo utakaojirudia. Baraza la dini hutamka neno, dola hutafuta kosa katika sheria zake linaloweza kulibeba neno hilo, na adhabu hutolewa kwa kosa la pili huku sababu ikiwa ni la kwanza.

Kwa upande wake, sheria ya Kanisa Katoliki imeibana maana hiyo. Kanuni ya 751 ya Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983 inatenganisha makosa matatu: kukana kwa ukaidi, baada ya ubatizo, ukweli unaopaswa kusadikiwa; kuiacha imani ya Kikristo kabisa; na kukataa umoja na Baba Mtakatifu au waumini walio chini yake. Kosa la kwanza tu ndilo uzushi. Kwa fasili hiyo, asiyebatizwa hawezi kuwa mzushi, na hata aliyebatizwa hawi mzushi kwa kukosea tu, mpaka ashikilie kosa lake kwa ukaidi. Matumizi ya kila siku ya Kiswahili hayana masharti haya.

3.0 Mzizi wa zua na majirani zake

Uzushi unatoka katika ukoo wa zua, zuka na zusha. Zuka ni kutokea ghafla, na humo mna mzuka, kiumbe kinachomtokea mtu bila kutazamiwa. Zua, kwa maana ambazo kamusi za zamani zimezihifadhi, ni kutoboa au kuibua, na kutoka hapo kubuni na kutunga. Tunasema hotuba imezua mjadala bila kulaumu. Lakini mtu akimzulia mwenzake jambo, amesema uongo juu yake. Mzushi, kwa hiyo, ni mwenye kuleta jipya na pia mwenye kutunga yasiyokuwapo, na katika mazungumzo ya leo maana ya pili ndiyo imeshika usukani. Habari za uzushi ni habari za uongo.

Tunaona basi kwamba neno la Kiyunani na la Kiswahili hayakuanzia mahali pamoja. La kwanza linauliza: nani amechagua? La pili linauliza: hili limetoka wapi? Kwa swali hilo uzushi uko karibu zaidi na Kiarabu kuliko Kiyunani. Bidaa inatokana na mzizi wenye maana ya kuanzisha kitu bila mfano uliotangulia. Mzizi huo huo umo katika sifa ya Mwenyezi Mungu katika Kurani, Badii, Muumba wa mbingu na ardhi pasipo kiolezo. Mungu anapoanzisha ni sifa. Mja anapoanzisha katika ibada ndipo swali linapozuka.

Wanazuoni wa Kiislamu hawakuliacha swali hilo bila vipimo. Imamu Shafii, aliyefariki mwaka 820 na ambaye madhehebu yake ndiyo yenye wafuasi wengi katika pwani ya Afrika Mashariki, alitenganisha jambo jipya linalopingana na misingi na jambo jipya jema lisilopingana nayo. Izzuddin bin Abdissalam, wa madhehebu hayo hayo, aliyefariki mwaka 1262, aliigawa bidaa katika hukumu tano: ya wajibu, ya sunna, ya halali, ya makuruhu na ya haramu. Wapo waliopinga mgawanyo huo na kushikilia kwamba kila bidaa katika dini ni upotofu.

Mjadala huo uliletwa katika Kiswahili cha maandishi na wanazuoni wa pwani. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya kuanzia mwaka 1937 hadi kifo chake mwaka 1947, aliandika kwa lugha nyepesi akihimiza marekebisho. Sheikh Abdallah Saleh Farsy, aliyeshika cheo hicho kuanzia mwaka 1968, aliandika juu ya bidaa kwa ajili ya msomaji wa kawaida. Kwa upande mwingine, desturi ya maulidi yenye matari iliyohusishwa na Habib Saleh wa Lamu ilipingwa na baadhi ya masharifu wa mji huo, kisha ikaja kuvuta wageni kutoka pwani nzima. Lililoitwa bidaa na kizazi kimoja liligeuka fahari ya mji kwa kizazi kingine, na mabishano hayo yalibaki ndani ya misikiti, madrasa na vitabu.

Hapa ndipo tofauti inapojitokeza. Bidaa ina ngazi; uzushi hauna. Anayeambiwa amefanya bidaa anaweza kuuliza ni bidaa ya aina gani. Anayeambiwa ni mzushi hana swali la kuuliza, kwa kuwa ameshaitwa mwongo.

Kuteleza huku kutoka fundisho hadi tabia hakukutokea katika neno hili pekee. Zindiki katika Kiarabu cha zama za Abbasiya, neno lenye asili ya Kiajemi, lilikuwa jina la mtu aliyeshukiwa kuficha imani ya Mani au imani nyingine iliyokataliwa. Katika Kiswahili mzandiki ni mnafiki tu, mtu wa nyuso mbili, na wanaolitumia wengi hawana habari kwamba liliwahi kuwa shtaka la kidini. Kufuru nayo, ambayo chanzo chake kina maana pana ya kukataa imani, kwetu imeegemea matusi dhidi ya Mungu. Kiswahili, inaonekana, hupokea istilahi za imani na kuzifanya istilahi za mwenendo. Huo ni utajiri wa lugha katika mazungumzo. Katika hukumu ni hatari.

4.0 Kongo: neno mikononi mwa dola

Historia ya Kongo inatupa ushahidi wa karne mbili na nusu. Mwanzoni mwa karne ya 18, ufalme wa Kongo ukiwa umeraruliwa na vita vya wenyewe kwa wenyewe, kijana wa kike aliyeitwa Kimpa Vita, kwa jina la ubatizo Dona Beatriz, alitangaza kwamba Mtakatifu Antoni amemwingia. Alihubiri kwamba Yesu alizaliwa Mbanza Kongo, akawahimiza watu kurudi katika mji mkuu uliokuwa umeachwa mahame, na akataka ufalme uungane tena. Mwaka 1706 alichomwa moto chini ya mamlaka ya mfalme Pedro IV, baada ya kushtakiwa uzushi kwa msukumo wa mapadre Wakapuchini. Mafundisho yake hakika yalipingana na imani ya Kikatoliki. Lakini alikuwa pia amejaza watu katika mji ambao wadai wa kiti cha enzi walikuwa wakiugombania. Haiwezekani kupima sehemu ipi ya moto ule iliwashwa na teolojia na ipi na siasa.

Mwaka 1921, katika eneo hilo hilo la Wakongo, Simon Kimbangu, katekista wa Kibaptisti wa Nkamba, alianza kuhubiri na kuponya wagonjwa. Huduma yake ya hadharani ilidumu miezi michache. Mahakama ya kijeshi ya Kibelgiji mjini Thysville ilimhukumu viboko 120 na kifo. Mashtaka yalihusu usalama wa dola na uhasama dhidi ya wazungu, na hayakutaja Utatu wala ubatizo. Mfalme Albert I aliibadilisha adhabu ya kifo kuwa kifungo cha maisha, na Kimbangu alifungwa Elisabethville, Lubumbashi ya leo, hadi alipofariki mwaka 1951. Miaka minane baadaye, mwaka 1959, utawala ule ule ulilitambua Kanisa lake. Mwaka 1969 lilipokewa katika Baraza la Makanisa Ulimwenguni. Makanisa mengine yameendelea kujadili na kupinga baadhi ya mafundisho yake, hasa kuhusu nafasi ya Kimbangu mwenyewe. Hiyo ni haki yao. Miaka 30 ya gereza haikuongeza hoja hata moja katika mjadala huo.

Katanga inatupa mifano miwili inayohusu Kiswahili moja kwa moja. Mafundisho ya Watch Tower yaliingia kutoka Rhodesia ya Kaskazini katika miaka ya 1920 na kupata jina la Kitawala. Jina hilo lilitokana na neno la Kiingereza lenye maana ya mnara, lakini masikio ya wasemaji wa Kiswahili yalisikia kitenzi kutawala, na masikio ya watawala yalisikia vivyo hivyo. Vuguvugu lililogawanyika katika makundi mengi yenye mafundisho tofauti lilionekana kama mpango mmoja wa kunyakua madaraka. Vuguvugu hilo lilipigwa marufuku na wafuasi wake wengi wakapelekwa uhamishoni. Kweli ulikuwapo uasi, kama ule wa Masisi na Lobutu mwaka 1944, lakini marufuku hayo hayakutenganisha walioshika silaha na waliokuwa wakisali tu.

Mfano wa pili ni Jamaa. Katika miaka ya 1950 Placide Tempels, mtawa Mfransisko aliyekuwa amejulikana kwa kitabu chake cha mwaka 1945 juu ya falsafa ya Kibantu, alianza pamoja na wafanyakazi wa migodi karibu na Kolwezi mikutano ya wanandoa iliyozunguka dhana tatu: uzima, uzazi na mapendo. Johannes Fabian, aliyechapisha utafiti wake mwaka 1971, ameonyesha jinsi mafundisho haya yalivyojengwa kwa Kiswahili cha Katanga. Wanajamaa walijiona Wakatoliki kamili. Maaskofu walianza kuwa na wasiwasi: njia za kuingia hatua kwa hatua zilifanana na mafundisho ya siri, na baadhi ya vikundi vilisemwa kupotoka. Tempels aliondoka Kongo mwaka 1962, na hatimaye vuguvugu likatengana na uongozi wa Kanisa. Swali gumu lililobaki ni la lugha. Mjengo wa Kiswahili ambao mchimba madini alieleza nao upendo wa Mungu ulipimwa kwa istilahi zilizotungwa kwa Kilatini. Kabla ya kuuliza kama fundisho lilikuwa zushi, ilipasa kuuliza kama lilieleweka.

5.0 Kile ambacho neno linaficha

Kutokana na mifano hiyo mtu anaweza kuhitimisha kwamba tatizo ni ukali wa dola, na kwamba ikiwa dola itajitenga kabisa na mambo ya imani, amani itapatikana. Kanungu inakataza hitimisho hilo jepesi.

Tarehe 17 Machi 2000, mamia ya watu waliungua ndani ya jengo la ibada la Vuguvugu la Kurejesha Amri Kumi za Mungu, kusini-magharibi mwa Uganda, na miili zaidi ilifukuliwa baadaye katika maeneo mengine. Kundi hilo lilikuwa limesajiliwa. Ibada zake zilibeba sura ya Ukatoliki, na lengo lake lililotangazwa lilikuwa utii kwa amri ambazo kila Mkristo anazikubali. Kwa kipimo cha upya wa mafundisho pekee, ofisa wa serikali asingekuwa na sababu ya kushtuka. Ishara za hatari zilikuwa kwingine: waumini kuuza mali na kukabidhi fedha, kukatazwa kuzungumza, kutengwa na jamaa. Shule ya kundi hilo ilifungwa na mamlaka mwaka 1998 kwa sababu zilizohusu afya na kutumikishwa kwa watoto. Sheria za kazi na za ulinzi wa mtoto zilikuwa zimegusa tatizo miaka miwili kabla ya moto, bila kuhitaji neno uzushi.

Shakahola, katika kaunti ya Kilifi, ilirudia somo hilo mwaka 2023, pale zaidi ya miili 400 ilipofukuliwa msituni baada ya watu kufunga chakula hadi kufa. Mashtaka yaliyofunguliwa mwaka 2024 yalihusu mauaji, ugaidi na ukatili dhidi ya watoto. Waendesha mashtaka hawakuhitaji kuithibitishia mahakama kwamba tafsiri fulani ya Maandiko ni potofu. Walihitaji kueleza nani alinyimwa chakula, nani alizuiwa kuondoka na nani alitoa amri.

Katika mijadala iliyofuata, hata hivyo, mapendekezo mengi yalielekea kwenye ukaguzi wa wahubiri. Rwanda ilikuwa imeshatangulia: sheria yake ya mwaka 2018 ilidai shahada ya elimu ya dini kwa wawakilishi wa kisheria wa taasisi hizo. Elimu ni jambo jema. Lakini miongoni mwa viongozi wa Kanungu alikuwamo padre aliyesoma sana, na Kimbangu alikuwa katekista wa kijijini. Cheti hakingemzuia wa kwanza, na kingemnyamazisha wa pili.

6.0 Hitimisho na mapendekezo

Tumeona kwamba neno lililoanza kama jina la uchaguzi lilipata kuwa jina la kosa, kisha, lilipovaa mzizi wa zua, likawa jina la uongo. Tumeona pia kwamba kila lilipovuka kutoka baraza la dini kwenda mahakamani lilijificha nyuma ya kosa jingine: uchawi kule Trier, uhaini kule Thysville. Mwishoni tumeona kwamba pale ambapo watu walihitaji kulindwa kweli, neno hili halikuwa na msaada.

Kutokana na hayo tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, watafiti na wahariri wa kamusi watenganishe wazi maana tatu za uzushi: kukana fundisho la imani, kuanzisha jambo jipya katika ibada, na kutunga uongo, na wafasiri wafikirie kutumia madhehebu, faraka au bidaa pale ambapo muktadha haudai hukumu. Pili, taasisi za dini zibaki huru kutamka kwamba fundisho fulani ni uzushi kwao, kwa masharti na taratibu zao, na adhabu yake ibaki ya kijumuiya, kama ilivyo katika Tito. Tatu, sheria na taarifa za serikali ziliepuke neno hili kabisa. Mahali pake zitaje tendo: kumnyima mtoto matibabu, kumzuia mtu kuondoka, kujipatia mali kwa vitisho, kuhimiza kujiua. Matendo haya yanathibitika kwa ushahidi, na ni makosa yakitendwa na mwenye imani sahihi au mwenye imani potofu.

Feliki, kwa mujibu wa Matendo, alisikiliza shtaka la uzushi, akaahirisha kesi, na akamwacha Paulo kizuizini miaka miwili bila kuamua. Liwali hakuwa na kipimo cha kulipimia shtaka lile. Watawala wa leo hawana pia, na wakilielewa hilo watakuwa wamepiga hatua ambayo yeye hakuipiga.